Kosa la Milimita Mbili na Nusu

Kazi mmeiona. Shingo ya dera jeusi, majani ya satini ya rangi ya dhahabu, shina lililopindwa kwa ustadi, na kila baada ya majani mawili matatu vidoti vyeupe vinachomoza ukingoni mwa dhahabu, vinapotea, kisha vinarudi. Mchoro ulipangwa vizuri, kitambaa cha kukazia kilitosha, sindano ya 75/11 ilifaa, na uzi wa juu namba 40 hauna lawama. Sifa hizo ziishie hapo, kwa sababu hakuna hata moja iliyoweza kuiokoa shingo hiyo. Iliharibika kabla ya mshono wa kwanza, pale bobini ya L iliyojazwa kiwandani ilipodondoshwa ndani ya nyumba ya bobini ya 15, kifuniko kikafungwa na kitufe kikabonyezwa. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Limekuwa mazoea, linafundishwa kama ujanja wa kubana matumizi, na kila msimu wa sikukuu linatuzalia kazi za namna hii. Niseme mapema ili tusizungushane: huo ni uamuzi mbaya, na hoja zinazoutetea hazisimami zikipimwa moja moja.

Tuanze na vipimo, maana mtego uko humo. Bobini ya 15, ile ya plastiki angavu inayotumiwa na mashine nyingi za nyumbani, ina kipenyo cha milimita 20 na kidogo, na kimo cha milimita 11.5 hivi. Bobini ya L ina kipenyo kinachokaribia kuwa kilekile, ila kimo chake ni milimita 8.9 hivi. Tofauti ni milimita mbili na nusu, na ushee. Mkono hauihisi. L inaingia ndani ya nyumba ya 15 bila kukwama, inazunguka ukiigusa kwa kidole, uzi unapita kwenye mfereji wake na kifuniko kinafunga. Ingekuwa M, yenye kipenyo cha milimita 25 hivi, isingeingia kabisa na mjadala ungekwisha papo hapo. L inaingia, na kwa kuwa inaingia watu wanahitimisha kuwa inafaa. Lakini mfuniko unaoenea mdomo wa sufuria haukuambii lolote kuhusu kina cha sufuria hiyo. Aliyeunda nyumba ya 15 alipima vyote viwili, mdomo na kina, na kila kimoja alikipa kazi.

Kazi ya kina ni hii. Katika mashine ya bobini ya kulala, bobini haishikwi na mhimili wala skrubu. Inazuiwa na kuta tu: ukuta wa duara pembeni, sakafu chini, na bamba juu. Kuta hizo zinaiweka mahali pamoja ili uzi utoke kwenye kimo kimoja, upite chini ya springi bapa ya mkazo kwa pembe ileile, mshono baada ya mshono. Mashine kama Brother PE800 hufika mishono 650 kwa dakika. Maana yake uzi wa chini unavutwa zaidi ya mara kumi kwa sekunde, na kila mvuto unaitikisa bobini. Bobini yenye kimo sahihi haina pa kwenda, inazunguka tu. Bobini iliyopungukiwa milimita mbili na nusu ina nafasi ya kupanda, kushuka na kuinama upande. Ikiinama, shavu lake linakwaruza ukuta na uzi unakazika. Ikirudi sawa, uzi unalegea ghafla. Mashine ikisimama kukata uzi au kuruka kwenda jani jingine, bobini isiyobanwa huendelea kuzunguka kidogo kwa kasi iliyobaki, inaachia uzi wa ziada ndani ya nyumba, na uzi huo uliolegea ndio unaoingia katika mishono ya kwanza ya jani linalofuata. Angalieni tena ile shingo: vidoti vingi viko penye mwanzo wa jani.

Hapo ndipo ushahidi unapokuwa mzito, na ndiyo maana nasisitiza kila mara kwamba darizi isomwe kwa nyuma. Kanuni ya theluthi haihitaji kuelezwa upya: nyuma ya safu ya satini uzi wa chini ukae katikati na kuchukua theluthi moja ya upana, uzi wa juu uonekane pande mbili. Mkazo uliowekwa vibaya huacha alama isiyobadilika. Ukiwa umekaza sana uzi wa juu, mstari mweupe nyuma utakuwa mpana kuanzia jani la kwanza hadi la mwisho, na vidoti mbele vitajipanga kwa usawa. Ukiwa umelegeza sana, mstari utakuwa mwembamba kazi nzima. Shingo tunayoizungumzia haina mojawapo ya alama hizo. Mstari wake mweupe unapanuka, unakonda, unapotea kwa nusu ya jani, kisha unafura tena, ndani ya safu ileile, kwa rangi ileile, bila mtu kugusa kirungu cha mkazo. Kirungu hakiwezi kufanya hivyo. Kinachobadilika kutoka mshono hadi mshono ni ule uzi unaotoka chini, na kinachoubadilisha ni chombo kinachocheza ndani ya nyumba yake.

Wapo watakaosema ni vumbi la nyuzi tu. Pingamizi hilo ni la haki, kwa kuwa vumbi likinasa chini ya springi nalo huleta mkazo wa kupandapanda na kushuka. Lakini linajibika kwa jaribio dogo. Safisha nyumba ya bobini kwa brashi, pitisha kona ya karatasi nyembamba chini ya springi, kisha darizi safu ya herufi H za satini kwa bobini ya L. Bila kugusa kitu kingine, weka bobini ya 15 yenye uzi wa unene uleule na urudie safu hiyo. Vumbi likiwa ndilo mkosaji, safu zote mbili zitatoka safi. Kimo kikiwa ndicho mkosaji, ya kwanza itayumba na ya pili itatulia. Jaribio hilo linagharimu kipande cha kitambaa na dakika chache. Asiyetaka kulifanya asituambie kwamba tatizo ni vumbi.

Baya zaidi ni dawa inayofuata. Mtu akiona vidoti vyeupe mbele, silika yake ni kulegeza uzi wa juu, kutoka 4 hadi 3, kutoka 3 hadi 2. Kwa sekunde zile ambazo bobini imelegea, dawa inaonekana kufanya kazi na vidoti vinapungua. Bobini ikiinama na kukaza uzi, uzi wa juu uliolegezwa hauna nguvu ya kushindana. Unaburutwa chini, unafanya vitanzi, ndoano inavinasa, na nyuzi zinarundikana chini ya bamba mpaka kitambaa hakitoki. Hapo lawama inahamia kwenye sindano. Sindano inabadilishwa. Kisha uzi wa juu unabadilishwa, kisha mchoro unalaumiwa, kisha fundi anaitwa kufungua mashine isiyo na ugonjwa. Kosa moja la kimo limezaa marekebisho manne, na kila rekebisho limeisogeza mashine mbali zaidi na hali aliyoiacha mtengenezaji.

Bobini nyingi za L za kiwandani zina mashavu ya kadibodi, na hilo linaongeza hasara nyingine. Mashine nyingi za nyumbani zenye kitambuzi cha uzi wa chini hutumia mwanga: uzi ukipungua, mwanga unapenya plastiki angavu na mashine inakuonya. Kadibodi haipitishi mwanga. Kitambuzi kinaona giza tangu mwanzo hadi mwisho, kinaamini bobini imejaa, na mashine inaendelea kutoboa kitambaa kwa uzi wa juu pekee hadi mtu atakapogundua. Wajanja wamepata jibu: kubandua kadibodi. Mwanga unapita, ndiyo, lakini bobini ambayo tayari ilikuwa fupi sasa ni fupi zaidi, na mizunguko ya ukingoni haina tena kinachoizuia kuteleza chini ya bobini na kujisokota huko. Wengine hujaza pengo kwa kijiduara cha plastiki. Vijiduara hivyo vyembamba vilibuniwa kupunguza msuguano na kuzuia bobini isizunguke kupita kiasi, si kuziba milimita mbili na nusu. Ukiweka viwili vitatu, umejenga bobini ya vipande vipande ambavyo kila kimoja kinazunguka kwa mwendo wake.

Kwa nini basi kosa hili limeenea hivi? Sababu iko katika historia, na inaeleweka ingawa haihalalishi. Jina la 15 linatokana na Singer 15, cherehani ya mwishoni mwa karne ya 19 ambayo ilinakiliwa duniani kote. Butterfly zenye kichwa cheusi zilizojaza vibaraza vya mafundi wetu ni uzao wake. Mashine za kudarizi za nyumbani hazikuzaliwa viwandani. Janome ilipotoa Memory Craft 8000 mwaka 1990, ilikuwa cherehani ya nyumbani iliyopewa uwezo wa kudarizi, na mashine nyingi zilizofuata zilirithi bobini ya kushonea nguo, ile ya 15. Bobini zilizojazwa kiwandani zina ukoo mwingine. Zilitengenezwa kwa ajili ya mashine za vichwa vingi kama za Tajima na Barudan, ambazo nyingi hutumia L iliyosimama ndani ya nyumba ya chuma, kwa sababu kiwanda hakiwezi kusimamisha vichwa 12 ili mtu ajaze bobini. Kwa hiyo soko limejaa L kwa sababu viwanda vinanunua L, maboksi ya bobini 144 kila moja. Muuzaji anayegawa boksi la kiwandani kwa wateja wa nyumbani anaandika juu yake kwamba zinafaa mashine zote, na hapa sitaficha hasira yangu ya miaka mingi: hakuna bobini inayofaa mashine zote, haijawahi kuwepo, na anayeuza kwa maneno hayo anauza marundo ya nyuzi chini ya bamba. Vitabu vya mashine za Brother za bobini ya 15 vinataja kimo cha milimita 11.5 waziwazi na kukataza bobini nyingine. Onyo limechapishwa, tatizo ni kwamba kitabu hubaki ndani ya boksi.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni lile la watumiaji wenye mashine za sindano nyingi. Wanasema Brother wenyewe, katika mashine zao za PR, wanataka L, na hata wanapendekeza zilizojazwa kiwandani. Iweje L iwe sahihi kwa PR na haramu kwa dada yake mdogo? Jibu ni kwamba PR imeundwa kwa ajili ya L. Ina ndoano iliyosimama, nyumba ya chuma unayoitoa mkononi, na kina kilichokatwa kwa kimo cha L. Weka bobini ya 15 humo na hutaweza hata kuifunga. Mfano wa PR unaunga mkono hoja yangu: kampuni ileile inapotaka L, inajenga nyumba ya L. Na ndivyo ilivyo kwa bobini zenye kiini cha sumaku, zinazosifiwa kwa mkazo wake usiobadilika. Sumaku inahitaji chuma cha kushikamana nacho. Ndani ya nyumba ya chuma ina maana. Ndani ya kikombe cha plastiki cha mashine ya bobini ya kulala umelipia sumaku isiyo na kazi.

Kisha kuna wale wanaosema kwa kifupi: mimi naitumia na inakwenda. Siwaiti waongo. Mshono mwepesi wa kukimbia, majina ya herufi nyembamba, kazi yenye rangi chache na kukata uzi mara chache, kwa mwendo wa pole, vinaweza kupita na L bila aibu kubwa, kwa sababu mshono wa namna hiyo hauonyeshi mkazo. Satini pana inauonyesha. Nyuzi nyeupe chini ya kitambaa cheupe pia hufunika dhambi nyingi, na darizi nyingi zinazotolewa kama ushahidi kwamba L inakwenda ni nyeupe juu ya nyeupe. Ushahidi unaotakiwa ni satini ya milimita 6 au 7, uzi wa rangi iliyokolea juu, mweupe chini, ikionyeshwa pande zote mbili. Wanaotetea L wauweke mezani.

Msinielewe kwamba napinga bobini zilizojazwa kiwandani. Bobini ya namna hiyo ikiwa ya daraja sahihi ni kitu kizuri, na sababu zake ni za kweli: uzi umepangwa kwa mkazo mmoja tangu kiini hadi ukingo, unaingia mwingi zaidi, na ni poliesta laini isiyomwaga vumbi jingi. Kujaza nyumbani kuna madhara yake pia. Bobini iliyojazwa kwa kulegea huwa na matabaka yanayozama ndani ya mengine, na poliesta iliyojazwa kwa kasi sana hunyooka kisha hujikunyata ikisukuma mashavu ya plastiki nje mpaka bobini inakwaruza ukuta. Bobini za 15 zilizojazwa kiwandani, zenye mashavu ya plastiki angavu, zipo. Anayezitumia ahakikishe mambo mawili. Kwanza unene: uzi wa chini huuzwa namba 60 na namba 90, namba kubwa ndiyo nyembamba, na mashine hutoka kiwandani ikiwa imewekwa kwa mmoja wao, kitabu kinasema upi. Pili upande: zilizojazwa kiwandani hazina juu wala chini, kwa hiyo ni rahisi kuzigeuza, ilhali mashine nyingi za bobini ya kulala hutaka uzi ufunguke kinyume cha mwendo wa saa. Baada ya hapo hakuna la kuongeza, zitafanya kazi.

Nikilinganisha na waliotutangulia, tofauti ninayoiona ni ya nidhamu kuliko ya vifaa. Fundi wa Butterfly aliyedarizi kwa mikono yake, aliyetoa mguu wa cherehani, akashusha meno, akakaza kitambaa kwenye fremu ya mbao na kuisogeza huku na huko chini ya sindano, hakuwa na kitambuzi wala kioo cha kumwonyesha mchoro. Lakini aliijua bobini yake. Aliijaza kwa mwendo mmoja, aliiweka ndani ya nyumba ya chuma, aliining'iniza nyumba hiyo kwa uzi wake na kutikisa kiganja: ikishuka kidogo na kusimama, mkazo ni sawa, ikianguka moja kwa moja, aliikaza skrubu robo mzunguko, ikigoma, aliilegeza. Alifanya hivyo kabla ya kila kazi kubwa. Wadarizi wa kofia za viua wa Unguja na Lamu, wasiotumia bobini kabisa, wanapima kwa kipimo kikali zaidi: tundu lifanane na tundu, mbele na nyuma, kofia nzima. Mashine ya leo inashona kwa sekunde kumi kile ambacho mkono ulikifanya kwa muda mrefu, na ni kwa sababu ya kasi hiyo tunapaswa kuwa wakali zaidi kabla ya kubonyeza kitufe. Mkono unaokosea hukosea tundu moja na kusimama. Mashine inayokosea hukosea mara 650 kwa dakika na haisimami.

Inabaki hoja ya gharama, inayotolewa kwa sauti kubwa kuliko zote. L ni rahisi, inapatikana kila duka, kwa nini mtu mwenye mashine moja sebuleni atafute cha ghali? Tufanye hesabu bila kutaja bei, kwa sababu bei zinabadilika na hesabu haibadiliki. Bobini ya L hubeba uzi wa mita 110 hadi 120 hivi, na kwa kawaida ya mafundi hutoa mishono 25,000 hadi 30,000. Shingo ya dera yenye mishono 20,000 inamaliza sehemu kubwa ya bobini moja. Kwa hiyo akiba anayoipata mtu kwa kuchagua L ni tofauti ya bei ya bobini moja kwa kila dera. Upande wa pili wa mizani kuna dera lenyewe, uzi wa dhahabu, nusu saa na zaidi ya mashine kushona, na saa za kufumua satini kwa wembe mdogo, kazi ambayo kwenye kitambaa chepesi huacha matundu yasiyofungika. Akiba ya bobini 100 haifidii dera moja lililotobolewa. Na kwa asiyetaka kununua bobini ghali kuna njia ya bei ndogo kuliko zote: koni moja ya uzi wa chini wa kudarizi, bobini kumi za plastiki za 15, na subira ya kuzijaza kwa mwendo wa kati. Njia hiyo inaishinda L iliyolazimishwa, kwa bei na kwa ubora.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza kimo. Muuzaji asiyejua kimo cha bobini anayoiuza apewe rula, na bobini isiyoandikwa daraja lake irudishwe kaunta. Anayetoza pesa kwa darizi aonyeshe nyuma ya kazi yake kabla ya kuipiga pasi, na mteja ajifunze kuitaka. Bobini ya L ina heshima yake ndani ya mashine iliyojengwa kwa L. Ndani ya nyumba ya 15 ni kosa, na haliachi kuwa kosa kwa sababu limefanywa na watu wengi.